Picha ya Nebula Darasani: Zana au Pambo?

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la Sita, katika shule moja ya pwani kaskazini ya Dar es Salaam, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha habari za anga. Andalio lake la somo lilikuwa zuri. Alikuwa ametundika ubaoni picha kubwa ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo mbali sana angani, nayo iling'aa kwa rangi za kijani, dhahabu na buluu. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hizo ndizo rangi zake za kweli? Na mbona sisi hatulioni?" Mwanachuo akajibu kwamba rangi zile ni za kweli, na kwamba wingu hilo huonekana Ulaya na Marekani tu, kwa mitambo mikubwa. Watoto wakaandika. Kengele ikalia.

Majibu yote mawili hayakuwa sahihi. Hata hivyo hatumlaumu kijana yule peke yake, kwani picha ile ilitoka katika kabati letu sisi wakufunzi, nasi tulimkabidhi bila kumweleza neno lolote juu ya namna ilivyotengenezwa. Tangu siku hiyo tumeshika rai moja, nayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza ninyi mnaojiandaa kwa kazi ya ualimu: picha ya anga isiingizwe darasani na mtu asiyejua ilivyofanywa, na njia bora ya kujua ni kujaribu kuipiga mwenyewe, hata kama matokeo yatakuwa duni.

Tuanze na swali la pili la mtoto. Bagamoyo iko kiasi cha nyuzi 6 na nusu kusini ya Ikweta. Nebula mashuhuri ya Orion iko nyuzi 5 na kitu kusini ya ikweta ya anga. Maana yake ni kwamba kila izungukapo, hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Bagamoyo. Katikati ya mwezi wa Februari hufika hapo yapata saa mbili na robo usiku, wakati ambapo watoto wengi bado hawajalala. Mtu aliyeko London huitazama ikiwa chini upande wa kusini, kupitia hewa nzito na moshi wa mji. Basi ni nani aliyebahatika zaidi?

Kuitafuta si kazi ngumu. Jioni za Desemba, mtazamaji aelekee baharini. Ataona nyota tatu zenye mwanga unaolingana, zimepangika mstari mmoja, zikipanda kutoka mashariki. Kusini ya mstari huo, yaani mkono wake wa kuume, kuna kifungu kidogo cha nyota hafifu, na katikati yake kuna doa lenye ukungu. Hilo ndilo wingu lenyewe. Liko umbali wa miaka ya mwanga 1,300 na zaidi. Mwanga wake tuuonao leo uliondoka huko karne nyingi kabla ya kujengwa msikiti wa Kaole ambao magofu yake ni ya karne ya 13. Tunadhani mtoto wa Bagamoyo akielezwa hivyo hatausahau umbali huo, kwa sababu Kaole anaijua.

Kadhalika, isidhaniwe kwamba kazi hii ilianzishwa na wataalamu wa mitambo mikubwa. Picha ya kwanza ya Nebula ya Orion ilipigwa Septemba 1880 na Henry Draper, daktari wa tiba wa Marekani aliyependa mambo ya nyota, akiacha mwanga uingie kwa dakika 51. Mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa Uingereza, alipiga picha ya wingu lilo hilo iliyoonyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona hata kwa darubini. Nacho Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima, kilionekana kuwa na ukungu ambao haukujulikana kabla, pale ndugu wawili Paul na Prosper Henry walipokipiga picha Paris mwaka 1885. Jicho husahau mwanga wa nukta iliyopita, kamera huulimbikiza. Hilo ndilo fundisho la kwanza.

Fundisho la pili ni la hesabu. Dunia huzunguka, na kwa hiyo nyota husogea nyuzi 15 kwa saa. Lenzi ikiachwa wazi kwa muda mrefu pasipo mtambo wa kuzifuata, nyota hugeuka michirizi. Basi mpigaji asiye na mtambo huo hupiga picha nyingi fupi, za sekunde 8 au 10 hivi, kisha huzilinganisha nyota kwa nyota na kutafuta wastani wake kwa programu ya kompyuta, na zipo zinazopatikana bila malipo, kama Siril. Picha moja huwa imejaa chenga. Katika wastani wa picha 16 chenga hupungua hadi robo. Katika wastani wa picha 64, hadi thumuni. Kila atakaye kuzipunguza kwa nusu hana budi kuzidisha kazi mara nne.

Jambo hili laweza kufundishwa hata pasipo kamera. Waambie watoto 40 wapime urefu wa ubao mmoja, kila mmoja kwa zamu, bila kuchungulia jibu la mwenzake. Wengine watazidisha kidogo, wengine watapunguza. Wastani wao utakuwa karibu na ukweli kuliko majibu ya wengi wao. Kisha wape rula iliyokatika sentimita moja mwanzoni, wapime tena. Safari hii wote watakosea upande mmoja, na wastani hautawaokoa. Kamera nayo ina kasoro za namna hiyo: vijitone ving'aavyo mahali pale pale katika kila picha. Dawa yake ni kuiziba lenzi na kupiga picha za giza kwa muda ule ule, ili kasoro ijulikane na kutolewa. Mtoto aliyeelewa tofauti ya kosa la bahati na kosa la kudumu ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo zito: rangi. Jicho la mtu, gizani, haliwezi kutambua rangi ya mwanga hafifu, ndiyo maana wingu lile huonekana la kijivu. Kamera huonyesha wekundu wa haidrojeni, na wekundu huo upo kweli. Lakini picha iliyotundikwa ubaoni siku ile ilikuwa ya Nebula ya Tai, iliyopigwa mwaka 1995 kwa darubini ya Hubble iliyo nje ya angahewa. Humo haidrojeni imepakwa kijani, salfa nyekundu, na oksijeni buluu. Kwa asili haidrojeni na salfa zote hutoa mwanga mwekundu. Kama zingeachwa hivyo, jicho lisingeweza kuzitenganisha. Wanasayansi waligawa rangi kwa makusudi, kama vile mchora ramani anavyopaka mkoa mmoja njano na wa pili kijani, nao walisema hivyo waziwazi. Hapo hapana uongo. Uongo huingia pale mwalimu anaponyamaza au anapojibu asichokijua.

Kwa maoni yetu, mpaka ni huu. Kukuza mwanga hafifu, kuondoa chenga, hata kugawa rangi, ni kudhihirisha kilichokuwamo. Kuongeza nyota isiyokuwapo, au kuchukua umbo kutoka picha ya mtu mwingine na kulibandika juu ya ya kwako, ni kubuni. Siku hizi zipo simu na programu ambazo huongeza vitu ambavyo kamera haikuviona, bila hata kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila picha ya anga itundikwayo darasani iandikwe chini yake mambo manne: ilipigwa wapi na lini, mwanga uliingia kwa muda gani, ni picha ngapi zilizounganishwa, na rangi zake zilipatikanaje. Mwalimu asiyeweza kujaza mistari hiyo minne aseme hivyo mbele ya watoto. Heshima yake haitapungua.

Tunajua yatakayosemwa dhidi ya rai hii. Wapo watakaosema vifaa ni ghali. Ni kweli darubini ni ghali. Lakini simu inayomruhusu mpigaji kuchagua muda mwenyewe, ikisimamishwa imara juu ya stendi au hata juu ya mfuko wa mchanga, itaonyesha doa dogo lenye wekundu pale jicho lilipoona kijivu. Doa hilo halitashindana na picha ya Hubble, lakini ni la kwenu. Na pasipo simu, ipo penseli. Wengine watasema muhtasari hauna nafasi. Hatuombi somo jipya. Wastani umo katika hesabu, na mwanga umo katika sayansi. Wapo pia watakaotaja usalama, nao wana haki: watoto wasipelekwe ufukoni usiku. Kazi ya kutazama wapewe waifanye uani kwao, pamoja na wazazi. Kazi ya kupiga picha tuifanye sisi.

Kwa mwanachuo atakayejaribu, Januari na Februari ndiyo miezi ifaayo, baada ya vuli na kabla ya masika. Chagua usiku usio na mwezi, yape mgongo mataa ya mji, na futa lenzi mara kwa mara, kwani hewa ya bahari huleta umande na chumvi. Ukishindwa usiku wa kwanza, andika ulivyoshindwa. Maandishi hayo nayo ni zana ya kufundishia.

Yule mtoto wa Darasa la Sita aliuliza maswali mawili ambayo mwanasayansi yeyote angejivunia kuyauliza. Alistahili kujibiwa hivi: "Rangi hizi zimegawiwa na watu, na sababu yake nitakueleza. Wingu hili moja ni gumu kuliona kwa macho matupu. Lakini lipo jingine kama hilo, nalo leo usiku litapita juu ya paa la nyumba yenu. Litazame, na kesho uje utuambie umeona nini." Wanachuo mtakaokwenda mazoezini mwaka huu, nendeni na jibu hilo. Sisi tumekwisha kuitoa picha ile kabatini, tukaiandika mistari minne, ndipo tukairudisha.