Mahakama Ikikataa Kuahirisha Kesi



Mara nyingi mtu hutoka mahakamani akilalamika: "Nimeomba siku nyingine, jaji amekataa." Sisi humlaumu jaji palepale. Mimi nasema tuulize kwanza: ni nani aliyeomba, na kwa sababu gani?

Mfanyakazi wa Muhuta mwenye kesi Bujumbura huondoka Gitaza au Magara alfajiri. Nauli ni yake, na siku hiyo halipwi. Akifika, upande wa mwajiri unasema wakili ana shughuli kwingine. Kesi inapigwa tarehe. Mwajiri hakupoteza kitu. Mfanyakazi amepoteza ugali wa watoto.

Yamenipata mimi mwenyewe. Nilimdai mwajiri mmoja mshahara wa miezi mitatu. Mara nne niliitwa, mara nne upande wake ukaomba muda. Mara ya tano jaji akakataa, akaamuru shauri lisikilizwe siku ileile. Nilikuwa na daftari langu la zamu na shahidi mmoja. Saa moja ilitosha! Kukataa kule ndiko kulikonipa haki yangu.

Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwenzangu wa shamba la michikichi aliuguliwa na mtoto siku ya kesi. Akamtuma jirani akaseme kwa mdomo. Hakuna karatasi ya daktari, hakuna barua. Mahakama ikaendelea bila yeye, akashindwa.

Katiba ya Burundi ya 2018, kifungu cha 38, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa usawa na kuhukumiwa katika muda unaofaa. Haki hizo mbili lazima ziende pamoja. Majirani zetu wa Afrika Mashariki wameliandika jambo hili wazi. Kenya, katika kanuni za kesi za madai za 2010, Amri ya 17, inasema kesi iliyokwisha kupangiwa siku haitaahirishwa mpaka mwombaji airidhishe mahakama kwamba ni haki kufanya hivyo. Tanzania nayo inadai sababu ya kutosha. Na upande mmoja usipofika, mahakama yaweza kuendelea.

Basi, ndugu, tujifunze:

1. Usidhani kwamba usipofika kesi itakungoja.
2. Ukiwa na shida ya kweli, omba mapema, kwa barua, na uambatanishe ushahidi: cheti cha daktari au cha msiba.
3. Nenda kila mara ukiwa na karatasi zako na mashahidi wako, kana kwamba ombi limekwisha kukataliwa.
4. Mwajiri akiomba tena na tena, simama useme kwa heshima ni mara ya ngapi, na umetoka wapi. Omba yaandikwe.

Nasi chama tuna wajibu. Tuwe na mtu wa kumsindikiza mwenzetu, na mfuko mdogo wa nauli.

Kwa mahakama tunaomba kipimo kimoja tu. Aliyeuguliwa asikilizwe, awe tajiri au maskini. Anayechelewesha makusudi akataliwe, naye alipe nauli ya mwenzake aliyemsumbua. Muda wa mfanyakazi ni mali yake, mtu asiuchezee.

Umoja ni nguvu!