Deni la Mwanafunzi wa Kazi

Bwana Mhariri,

Watu wengi hudhani kwamba aliyetufundisha kazi akifa, deni letu kwake hulipwa siku ya mazishi: tukalia, tukasema maneno mazuri, tukatia udongo, basi. Mimi sikubali, na sababu zangu nitazieleza kwa habari ya mtu wa nchi yetu hii ya Uganda, Daktari Matthew Lukwiya.

Daktari huyu, mzaliwa wa Kitgum, alianza kazi mwaka 1983 katika hospitali ya misheni ya Lacor, karibu na Gulu. Walimu wake wa kazi walikuwa mume na mke, Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale wa Kanada. Mama Lucille alikuwa mpasuaji. Aliambukizwa virusi vya UKIMWI katika kupasua wagonjwa, akafariki mwaka 1996. Basi angalieni: mwalimu aliuawa na ugonjwa alioupata kazini, wala mwanafunzi hakuikimbia kazi ile.

Oktoba 2000 Lukwiya alikuwa masomoni Makerere. Alipoambiwa kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu, alirudi Lacor mara moja. Hakuanza kwa ushujaa mtupu, bali kwa akili. Alisoma kadi za wagonjwa, akafungua vitabu, akatenga wodi, akawavika wauguzi mavazi ya kujikinga, hata kabla ya maabara ya Afrika Kusini kuthibitisha kwamba ni Ebola. Wauguzi walipovunjika moyo kwa kufiwa na wenzao, alisema nao, akabaki wodini pamoja nao. Tarehe 5 Desemba 2000 akafa kwa ugonjwa ule ule, umri wake miaka 43. Katika tauni ile waliugua watu 425, wakafa 224. Kaburi lake liko Lacor, karibu na la Mama Lucille.

Wapo wasemao kwamba mtu mwenye mke na watoto angalikaa Makerere. Nawajibu hivi: kama angalikaa, nani angaliwaonyesha wale vijana namna ya kutenga wagonjwa? Lakini tena nawaambia wanaomsifu kwa ushujaa tu kwamba wanamsifu nusu. Kumkumbuka kweli ni kuhakikisha kwamba mwuguzi wa leo ana glavu, miwani ya kujikinga na mtu wa kumfundisha.

Nasema hivi kwa kuwa nami nimefiwa. Likizo mbili nilifanya kazi ndogo ndogo katika zahanati ya kwetu, chini ya mwuguzi mzee aliyenifundisha kuosha vidonda, kuchemsha vyombo, na kumwita kila mgonjwa kwa jina lake. Alinifanya rafiki, ingawa nilikuwa mtoto kwake. Mwaka jana maradhi ya ini yalimwua. Hotuba zilikuwa nyingi mazishini. Lakini juma lililofuata akina mama walikuja na watoto wao, wasimwone mtu ajuaye kazi yake, maana mimi nilijua robo tu, na wengine hawakufundishwa kabisa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Ninyi mliotutangulia hapa, ambao sasa mko mahospitalini, maofisini na katika karakana, kila mmoja wenu na amchukue kijana mmoja wakati wa likizo, amfundishe kazi yake bila kumficha kitu. Nasi tulio bado madarasani tuulize maswali wakati walimu wetu wa kazi wangali hai, tena tusione haya kufagia na kuosha vyombo, maana ndiko elimu yao inakoanzia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali, na daftari lake ni mwanafunzi.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita