Filamu Bila Sabuni

Mdogo wangu alipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani. Juzi akanitumia picha kwa simu. Ni usiku, uani kwa jirani yake. Shuka jeupe limefungwa ukutani na filamu inaonyeshwa juu yake. Mbele ya shuka kuna bafu kubwa la mviringo, liko nje kabisa, maji ya moto yanatoa mvuke. Watu wazima wamekaa humo, maji yanawafika kifuani, wanatazama sinema na kula bisi. Watoto wamejilaza kwenye majani.

Nikaizungusha simu hapa Mutaho. Vijana wakacheka sana: "Hawa banajipika ao banaangalia filme?" Halafu mzee mmoja, aliyekaa kambini kule Muyinga miaka mingi kabla ya kuja huku Gitega, akatazama ile picha muda mrefu, akauliza: "Na ile filme inafundisha nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Tulimwelewa. Tangu akimbie Kongo hajawahi kuona filamu ya nje, ya usiku, ya watu wote, ambayo mwishoni haikumwambia anawe mikono.

Mzee simlaumu. Nawalaumu waliomzoesha swali hilo.

Ninyi mliokaa kambini mnajua inavyokuwa. Gari linaingia alasiri, spika zinalia, watoto wanalikimbilia. Giza likiingia tunaona kipindupindu. Mwezi mwingine ni vyandarua. Mwingine ni ndoa za utotoni. Halafu kipaza sauti: nani atatuambia amejifunza nini? Mtoto anajibu, anapewa kipande cha sabuni. Vichwa vinahesabiwa, picha zinapigwa kwa ajili ya ripoti, skrini inakunjwa. Saa mbili usiku kila mtu yuko gizani kwake.

Tusielewane vibaya. Kipindupindu kinaua, na nyumba isiyo na sabuni kambini iko hatarini. Ujumbe uendelee. Ninachopinga ni ujumbe peke yake, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba mkimbizi ana mikono ya kunawa na tumbo la kujaza, lakini hana kichwa cha kupumzisha.

Ngoja niwaambie lililotokea kambini jioni moja. Filamu ya mafunzo iliisha mapema. Vijana waliokuwa kwenye mashine walikuwa na flashi yenye komedi ndefu. Wakaomba. Mfanyakazi wa shirika aliyekuwa zamu, mtu mwema, akasema sawa. Waliokwisha kuondoka wakarudi, wengine na jerikani tupu za kukalia. Mimi nilijikuta karibu na mama mmoja ambaye asubuhi ile tuligombana kwenye foleni ya bomba. Tulicheka pamoja mpaka akanishika bega asianguke. Kesho yake hatukugombana tena. Hakuna semina iliyotupatanisha.

Wiki iliyofuata likaja neno: shughuli ile haikuwa kwenye mpango wa mradi. Skrini ikawekwa stoo "mpaka utaratibu ueleweke". Miezi ikapita. Kampeni ikija inatolewa. Kampeni ikiisha, kufuli.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko makambi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha jaribio la sinema kutoka Vugiri, huko Tanganyika. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, lori likazitembeza Afrika Mashariki mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nyingi zilikuwa za kilimo, afya, kodi, kuweka akiba posta. Mwaka 1939 serikali yao ikaanzisha kitengo cha filamu za makoloni, na wakubwa wake waliamini kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole na hadithi nyepesi, la sivyo atapotea. Kwetu Kongo Wabelgiji walitenga sinema za Wazungu na sinema za Weusi, na filamu za Weusi zilichujwa kwanza. Mtawala aliamua nini kitatufaa kuona.

Hata hivyo, ndani ya mfumo huohuo yupo aliyeelewa watu. Miaka ya 1950 huko Kasai, padri Van Haelst alitengeneza filamu za Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, wanaojikwaa na kudanganyana. Mafundisho yalikuwemo, padri ni padri. Lakini watu walikuja kucheka.

Na msiniambie haiwezekani kambini. FilmAid ilianza mwaka 1999 Makedonia, kwa wakimbizi wa Kosovo, na mwaka 2001 ikafika Kakuma, Kenya, skrini ikiwa juu ya lori. Wazo la kwanza halikuwa sabuni. Lilikuwa kwamba watu waliokimbia vita, watoto hasa, wanahitaji kitu kingine cha kuona na kuwaza. Mafunzo yalikuwepo pia, lakini filamu nzima nazo zilionyeshwa, za kuburudisha tu.

Nje ya kambi watu hawasubiri ruhusa. Tanzania wana vibanda umiza, ambako Lufufu alisifika kwa kutia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo. Anayetafsiri anaongeza utani, anaita mhusika jina la mtaani, na watu wanalipa kumsikiliza yeye kuliko filamu. Vijana wa namna hiyo tunao. Wanajua Kiswahili, Kirundi, Kibembe na Kifuliiru. Wapo, wamekaa, hawana kazi.

Na nchi hii inayotupokea ina filamu zake. Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitoa "Gito l'ingrat", filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Kijana anarudi kutoka Paris na diploma, anadhani uwaziri unamsubiri. Nani kati yetu ameiona? Tunaambiwa tuishi vizuri na wenyeji. Basi tuonyesheni wenyeji wakijicheka wenyewe, nasi tucheke nao. Hapa Mutaho wapo Warundi waliohama milima yao kwa ajili ya vita vya 1993. Habari ya kukaa ugenini hawahitaji kusomewa. Waje wakae mbele.

Najua majibu yenu, ndugu zetu wa mashirika. Mengine yana haki.

Mnasema usiku ni hatari kwa wasichana. Kweli. Basi tuanze saa kumi na mbili na nusu, jua likishazama, tumalize saa mbili na nusu. Taa ziwekwe kwenye njia ya vyoo, na akina mama wa kamati wakae pembeni zote mbili. Lakini mbona usiku huohuo hauwi hatari filamu ikiwa ya vyandarua?

Mnasema filamu za vita zitaamsha majeraha. Kweli pia. Hakuna aliyeomba bunduki, tulizisikia za kutosha. Kamati iitazame filamu kwanza: mama wawili, kijana mmoja wa kike na mmoja wa kiume, mzee mmoja. Wakisema hapana, ni hapana.

Mnasema esansi haipatikani. Foleni za Burundi tunaziona. Mashine ndogo ya kuonyeshea inaweza kutumia betri ya sola.

Mnasema mfadhili hajaweka fungu la burudani. Hapo ndipo ninapokasirika. Yule jirani wa Marekani ndani ya maji yake ya moto hakuandika malengo ya mradi. Hakuna aliyemuuliza filamu itabadilisha tabia gani. Alikuwa amechoka, akawaita majirani. Sisi hatuombi bafu. Maji yenyewe tunayapangia foleni. Tunaomba kile kingine alichonacho, cha bei rahisi zaidi: jioni moja isiyodaiwa somo.

Nanyi ndugu zangu wa kambini, tusijifanye hatuna sehemu yetu. Skrini inapotoka tunagombania viti, tunarusha mawe, tunaacha uchafu, halafu tunasema wametudharau. Tukitaka tuaminiwe na ufunguo, tuitunze skrini kama tunavyotunza kadi ya mgao.

Basi ombi ni dogo. Jumamosi moja kwa mwezi. Filamu nzima, iliyochaguliwa na kamati, ikitafsiriwa na vijana wetu, wenyeji wakikaribishwa, bila kipaza sauti cha maswali mwishoni. Mzee wangu wa Mutaho akirudi nyumbani, nataka nimsikie akibishana na wajukuu nani alimdanganya nani, na ya mwezi ujao ni ipi.

Saa kumi na mbili na nusu tutakuwa tumekaa. Sabuni tutakuja nayo wenyewe.