Wanamaji wa Ziwa Nyasa wapewe chelezo kabla ya mizinga

Kila linapotajwa suala la kituo cha kisasa cha wanamaji katika mwambao wa Ziwa Nyasa, makundi mawili ya watu hujitokeza mara moja. La kwanza hulalamika kwamba tutawachokoza ndugu zetu wa Malawi. La pili hushangilia, kwa kuwa limekwisha kuona ndotoni mizinga iliyoelekezwa ng'ambo. Makundi yote mawili yamepotoka, na yamepotoka kwa sababu moja: yanadhani kwamba kituo cha wanamaji ni bunduki.

Hebu tuanzie Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Wakati wa utawala wa Wajerumani mahali hapo paliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali la ufukoni ambalo machoni pao lilifanana na sanamu mashuhuri ya Misri. Ndiko walikokuwa wakiitengenezea meli yao iliyoitwa Hermann von Wissmann. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilitokea na kuipiga kwa mzinga Wissmann ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba nchi yake na Uingereza zilikuwa vitani tangu tarehe 4 mwezi huo. Inasimuliwa kwamba alipanda mashua ndogo akaenda kumkaripia Rhoades, aliyekuwa rafiki yake, kwa mchezo ule mbaya. Akatiwa kizuizini papo hapo.

Sisi hatuna machozi ya kuwalilia mabeberu wawili waliokuwa wakigombea ziwa lisilo lao. Lakini tukio hilo lina funzo ambalo wengi hawataki kulitazama. Wajerumani walikuwa na meli yenye silaha, na walikuwa na mahali pa kuitengenezea. Walichokosa ni chombo cha kuwaletea habari na lindo la kutazama maji. Kwa kukosa vitu hivyo viwili visivyong'aa, vitu ambavyo hakuna mgeni rasmi angesafiri kwenda kuvizindua, meli yao ikawa chuma kitupu.

Jiografia nayo haina huruma. Ziwa Nyasa halina njia ya meli kwenda baharini. Maji yake hutoka kwa Mto Shire, na mto huo una maporomoko yasiyopitika. Ndiyo maana meli ndogo ya Ilala, iliyoelea ziwani mwaka 1875, ililetwa vipande vipande na kubebwa na wapagazi kuyapita maporomoko hayo. Wareno nao, walipokuwa wakipigana na wapiganaji wa FRELIMO, walilazimika kusafirisha boti zao za vita nchi kavu hadi kituo chao cha Metangula, upande wa Msumbiji. Anayedhani kwamba boti ya doria ikiharibika Mbamba Bay itavutwa hadi Kigamboni, katika kituo tulichojengewa na ndugu zetu wa China, hana budi kuitazama ramani upya. Kati ya Mbamba Bay na Dar es Salaam ziko zaidi ya kilometa 1,000 za nchi kavu, pamoja na milima ya Umatengo.

Basi chombo chochote cha ulinzi katika ziwa hilo hakina budi kutengenezwa papo hapo, na mafundi wakaao papo hapo. Hilo ndilo jambo la kwanza, na mengine yote yanalifuata. Kipatikane chelezo chenye uwezo wa kuivuta boti juu kwa siku moja. Ijengwe karakana yenye mashine za kuchonga vyuma, na ghala la vipuri lenye vipuri ndani yake (nasema hivyo kwa makusudi, maana maghala yenye daftari nadhifu na rafu tupu tunayafahamu). Ziwepo akiba ya mafuta isiyotegemea lori lililokwama njiani, chumba cha redio kisicholala usiku wala mchana, wazamiaji wenye vifaa vyao na zahanati. Tumekwisha kuona mahali pengi boti ikizinduliwa kwa ngoma na utepe, kisha miezi michache baadaye ikalala juu ya magogo kwa kukosa pampu. Boti ya namna hiyo hailindi hata kivuli chake.

Wala tusiambiwe kwamba kazi hii inapita uwezo wetu. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, pamoja na MV Mbeya II ya abiria na mizigo, zilijengwa Itungi, Kyela, na kampuni ya Kitanzania ya Songoro. Mikono iliyounga mabati ya meli hizo inaweza kuyaunga ya boti za doria. Ila Itungi iko pembe ya kaskazini ya ziwa, na ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilometa 550. Mvuvi wa Chiwindi, mpakani na Msumbiji, hawezi kungojea msaada kutoka Kyela.

Huyo mvuvi ndiye anayesahauliwa na makundi yote mawili niliyoyataja. Usiku hutoka na taa zake kutafuta usipa katika mtumbwi ambao mara nyingi hauna redio, na kati ya Mei na Agosti upepo wa Mwera unaweza kumkuta katikati ya maji. Ziwa hili lilikwisha kuonyesha nguvu zake Julai 1946, lilipoimeza meli ya Vipya upande wa Nyasaland, ikiwa mpya kabisa, na watu 145 wakafa. Kwetu, MV Bukoba ilizama Mei 1996 karibu na Mwanza, mamia ya wananchi wakaangamia. MV Nyerere ikafuata Septemba 2018 huko Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kuwafikia abiria walikuwa wavuvi. Tuliwasifu wavuvi wale, na walistahili. Lakini sifa zile zilikuwa pia hati ya mashtaka dhidi ya maandalizi yetu. Kama mambo ndivyo yalivyokuwa mjini Bukoba, mkazi wa Lundu au Puulu ategemee nini?

Wapo wachumi wanaosema fedha zifuate makaa ya mawe, na wanamaji wangoje. Mimi nasema makaa ya mawe yenyewe yanawataka wanamaji. Tangu mwaka 2011 mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, ambao Taifa lina hisa ndani yake kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, umekuwa ukitoa makaa yanayobebwa kwa malori kwenda viwandani na hadi bandari ya Mtwara. Barabara ya lami ya kilometa 66 kutoka Mbinga imekwisha kuifikia Mbamba Bay. Ujenzi wa bandari mpya ya hapo, wa gharama ya zaidi ya Sh. bilioni 80, ulianza mwaka 2024. Makaa na saruji vitakapoanza kupita majini kwa wingi, vitawavuta pia wenye magendo, na matishari yaliyosheheni kupita kiasi yataingia majini usiku. Ni nani atakayeyasimamisha? Karani mwenye mwavuli gatini?

Sasa tuwajibu wanaoiogopa Malawi. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, waliotiliana sahihi Waingereza na Wajerumani mjini Berlin pasipo Mmanda wala Mnyasa hata mmoja, uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, ili Mtanzania anayeoga aonekane yuko ugenini. Taifa letu limeikataa dhihaka hiyo tangu miaka ya 1960, na msimamo wake ni mpaka wa katikati ya ziwa. Malawi ilipoipa kampuni ya kigeni kibali cha kutafuta mafuta, maneno yakawa makali mwaka 2012, na suala likapelekwa kwa wazee wa Afrika wakiongozwa na Ndugu Joaquim Chissano. Mezani ndipo mahali pake. Lakini Malawi ina wanamaji wake Monkey Bay miaka mingi, na hakuna Mtanzania aliyepata kuiita Monkey Bay uchokozi. Kwa nini chelezo cha Mbamba Bay kiitwe uchokozi? Hiyo ni kasumba ya kujidharau.

Na kwa wale wanaotamani mizinga: mvutano wa mpaka hautamalizwa na boti. Boti inaweza, hata hivyo, kufanya jambo ambalo mikutano haijalifanya, nalo ni kumwokoa mvuvi wa Nkhata Bay aliyesukumwa na upepo hadi kwetu, na kumrudisha kwao akiwa hai. Kituo chetu kikubaliane na wenzetu wa Malawi na Msumbiji juu ya masafa ya redio ya kuombea msaada. Makubaliano hayo hayahitaji kungojea mstari wa mpaka, kwani anayezama haulizi kama yuko magharibi au mashariki yake.

Makala hii haihesabu kilichopo na kisichopo. Mambo ya ulinzi hayachapwi gazetini. Lakini yapo maswali yasiyo ya siri. Waheshimiwa wabunge wa Ruvuma, na madiwani wa Nyasa na Mbinga, wayaulize katika vikao vyao, na wenye dhamana wayajibu kwa tarakimu: Katika gati la Mbamba Bay, ni meta ngapi zitakazotengwa kwa ajili ya vyombo vya wanamaji? Chelezo kitajengwa wapi, na kwa fungu la mwaka gani? Vijana wangapi wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, waliozaliwa na kukua juu ya maji hayo, wameandikishwa kujifunza ufundi wa injini za boti? Na mvuvi akiomba msaada saa nane ya usiku, ni nani atakayeipokea sauti yake?