Chuma cha Runyenjes kipimwe kabla hakijatoboka

Ukipita vijiji vya Runyenjes, Kaunti ya Embu, si ajabu kumkuta mtu amechuchumaa kando ya bomba la maji, anazungushia kipande cha tubu ya baiskeli mahali palipotoboka, anakaza kwa waya, kisha anaenda zake. Panapotoboka tena hatua mbili mbele, anaitwa mwingine na tubu nyingine. Haya yamezoeleka hadi yanaitwa matengenezo. Kwa maoni yetu ni uzembe, na wenye mabomba wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Runyenjes haina ruhusa ya kuchezea kutu. Chai hustawi kwenye udongo wenye asidi, na ndiyo maana miteremko yetu imejaa majani chai kutoka Mungania hadi Rukuriri. Udongo huohuo, ukilowa mvua za Mlima Kenya, hula bomba la chuma lililozikwa bila kupakwa wala kufungwa kitambaa cha lami. Maji ya mito inayoshuka mlimani nayo ni laini, hayana chokaa ya kutosha kutandaza utando wa kukinga chuma kwa ndani. Zinki ya bomba ikishaisha, kutu huota vinundu, njia ya maji inabana hadi kidole kinapita kwa shida, na mtungi wa kwanza wa asubuhi unajaa maji mekundu. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye maungio: fundi akichonga nyuzi anakwangua ile zinki, halafu anafunga bila kuziba wala kupaka chochote. Pale ndipo patakapovuja kwanza, na kila fundi anajua.

Boila za viwanda vya chai zinatutia hofu kubwa zaidi, maana chombo cha mvuke kilichodhoofika kinaweza kulipuka na kuua. Oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji huchimba vishimo kwenye chuma, kimoja kimoja, huku sehemu nyingine ikibaki nzima na kung'aa. Jicho halioni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na hilo ni jambo jema, lakini cheti ukutani hakimlindi anayetia kuni usiku wa manane ikiwa maji ya boila hayakupimwa zamu hiyo. Maji yapashwe moto kabla ya kuingizwa ili hewa itoke, dawa ya kumaliza oksijeni iwekwe kwa kipimo, chumvi na tope zitolewe kwa wakati, na yote yaandikwe daftarini na kutiwa sahihi. Viwanda vya kahawa navyo visijione salama: maji ya maganda yana asidi, na mashine ya kumenyea inayoachwa bila kuoshwa baada ya msimu italiwa hadi msimu ujao.

Anayeona tunatia chumvi akumbuke Thange, huko Kibwezi. Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 2015 wakazi wa Thange waligundua mafuta yaliyovuja kutoka bomba hilo kwenye maji yao. Mto, visima na mashamba viliharibika, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru Kampuni ya Mabomba ya Kenya iwalipe Sh3.8 bilioni. Miaka 10 ilipita kutoka uvujaji hadi hukumu. Kwa fedha hizo, chuma kiasi gani kingepimwa na kubadilishwa?

Tutaambiwa hakuna pesa. Utafiti wa shirika la wahandisi wa kutu la NACE wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kutu huigharimu dunia dola trilioni 2.5 kwa mwaka, na kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeokolewa kwa kutumia maarifa yaliyopo tayari. Kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti kinatosha mkononi. Kuna njia rahisi kuliko hiyo: kipande cha chuma kinapimwa uzito, kinaning'inizwa ndani ya bomba kwa miezi kadhaa, kinatolewa, kinasafishwa na kupimwa tena. Uzito uliopungua unaonyesha jinsi bomba lenyewe linavyoliwa. Tutaambiwa pia tuweke plastiki kila mahali. Iwekwe inapofaa, ila kwenye makorongo, chini ya barabara na penye shinikizo kubwa, chuma kitaendelea kuhitajika.

Kampuni ya maji ya EWASCO, inayohudumia Embu na Runyenjes, itoe hadharani orodha ya mabomba yake ya chuma: yalizikwa lini, unene wake ulipimwa lini, yamepasuka mara ngapi. Wakurugenzi wa viwanda vya chai wawafungulie wakulima daftari za boila, kwa kuwa wakulima ndio wenye viwanda. Na Bunge la Kaunti ya Embu, makadirio ya bajeti yatakapowasilishwa mwezi wa Aprili, likatae kupitisha hata mita moja ya bomba jipya la chuma ambalo halina fungu la kulikinga na kulipima.