Mfupa Haujui Kalenda

Tarehe 4 Agosti 2024, mjini Paris, binti Kaylia Nemour, mwenye umri wa miaka 17, aliipatia Algeria nishani ya dhahabu katika michezo ya viungo. Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya Olimpiki ambayo Afrika ilipata katika michezo hiyo.

Wengi wanaoisifu dhahabu hiyo huyasahau magoti yaliyoibeba. Mwaka 2021, huko Ufaransa alikozaliwa, binti huyu alipasuliwa magoti kwa ugonjwa wa mifupa. Wenzake wakashindana, yeye akiuguza. Daktari wake aliporidhia arejee, shirikisho la huko halikukubali. Hatimaye akaichezea Algeria, nchi ya asili ya baba yake.

Sisi twasema wazi: siku ya kurejea na ipimwe kwa hali ya mfupa, wala si kwa kalenda ya mashindano au fahari ya wakubwa. Mfupa wa kijana ungali unakua. Ukilemewa kabla ya kupona, waweza kupinda au kudumaa. Neno la mwisho liwe la tabibu anayemuuguza.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa vilabu wasimharakishe kijana, wala wasimwite mvivu. Mfanyakazi aliyevunjika mguu kazini naye hadai zaidi ya hayo: muda wa kupona, na nafasi yake imngoje. Mashindano huja tena kila msimu. Mguu uliolemaa haurudi.