Huruma Peke Yake Haitoshi

Mtoto akimwona ndege aliyevunjika bawa, humwokota mara moja na kumpeleka nyumbani, na watu humsifu. Ni tendo jema. Lakini mimi nasema ya kwamba huruma peke yake haitoshi. Ndege wengi hufa mikononi mwa wale wanaowapenda.

Nilipokuwa na umri kama wenu, nilimwokota tetere chini ya mwembe, bawa lake likining'inia. Nikamtia katika kikapu kilicho wazi, kando ya kitanda changu, nikawaita rafiki zangu waje kumtazama. Kila mmoja akamshika na kumpapasa. Nasi tulikuwa na paka mpole sana, aliyelala miguuni pangu kila usiku. Nikasema moyoni, "Huyu hawezi kumdhuru mgeni wangu." Usiku ule nikasikia kishindo kidogo. Nilipowasha taa, tetere alikuwa chini ya makucha. Nikamwokoa upesi, wala sikuona jeraha ila tundu dogo kama la sindano. Siku ya pili yake akafa.

Nikataka kumpiga paka. Bibi akanizuia, akasema, "Mjukuu wangu, paka amefanya kazi ya paka. Wewe ndiwe uliyesahau kazi yako."

Maneno yake yalikuwa kweli. Kinywani mwa paka mna vijidudu ambavyo, vikiingia katika damu ya ndege, vyaweza kumwua kwa siku chache tu. Kwa hiyo ndege aliyekamatwa na paka hana budi kupelekwa upesi kwa daktari wa wanyama, hata kama jeraha halionekani. Tena, ndege wa porini hajui kuwa mkono unaompapasa ni wa rafiki. Kwake ni mkono wa adui, na hofu yaweza kumwua.

Basi, kazi yetu ni nini? Mtie ndege katika sanduku lenye matundu madogo ya hewa, utandike kitambaa chini, ulifunike, uliweke chumbani penye giza na kimya, na mlango ufungwe ili paka na mbwa wasiingie. Usimmiminie maji kinywani, kwa maana tundu la pumzi li nyuma ya ulimi, na maji yaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa. Usimweke karibu na kuku, asije akawaambukiza kideri. Na ukiisha kumgusa, nawa mikono kwa sabuni. Kisha mwambie mzazi wako, mtafute daktari wa wanyama.

Lakini ukimwona kinda aliyekwisha ota manyoya akirukaruka chini, naye hana jeraha, usimchukue. Wazazi wake wamo karibu, wanamlisha. Mfungie paka wako ndani mpaka kinda ajue kuruka.

Wengine husema, "Nikimponya, atakuwa wangu, nitamfuga." Mimi sikubali. Katika Tanzania Bara, kumfuga mnyama au ndege wa porini kwahitaji kibali, kwa Sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori. Hata pasipo sheria, mtu hamtoi mwenzake shimoni ili amtie kifungoni. Siku atakapoweza kuruka vema, mpeleke asubuhi mahali pale ulipomwokota, umfungulie. Hatageuka kukushukuru, wala usimngoje ageuke.